Bidoni Mbili za Nyumba Yetu

Kilio cha msiba wa baba kilikuwa bado hakijaisha wakati kijana mmoja wa afya alipoingia uwanjani kwetu na chupa ndogo ya klori. Kipindupindu kilikuwa kimerudi mjini kwetu Baraka, kando ya ziwa, na popote watu wanapokusanyika kula pamoja, vijana hao hupita. Alitia dawa ndani ya pipa la maji lililokuwa karibu na jiko, akakoroga kwa mti, akasema tungoje nusu saa kabla ya kunywa, kisha akatoa pole na kwenda zake.

Harufu ikapanda. Wanawake waliokaa mkekani wakaanza kutazamana.

"Mi ile maji siinywi," alisema Mama Faila, jirani yetu tangu nilipokuwa mdogo, sasa mzee asiye na meno ya mbele. "Nilizeeka bila hiyo, nitakufa bila hiyo."

"Weye koko, bibi yetu, hata ukipewa maziwa utauliza nani alikamua," mwingine akamwambia, na wakacheka kwa sauti ya chini kama watu wanavyocheka kilioni.

Hata hivyo yule aliyetania alimtuma binti yake ziwani, na baada ya muda bidoni ya maji, dumu la plastiki, ikaja, ikawekwa kando ya pipa. Maji ya dawa huku, maji ya ziwa huku. Wengi walichota kwenye bidoni. Ndipo mtoto wangu Sango akaja kutoka mchezoni, jasho likimtoka, kikombe mkononi.

"Mama, nikunywe ya wapi?"

Sikumjibu. Waliokuwa karibu walifikiri uchungu wa msiba umeniziba kinywa. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichoniziba kinywa ni kwamba niliwahi kukaa katika nyumba yenye maji mawili, na wakati huo mtoto hakuulizwa atakunywa yapi. Aliambiwa.

Nyumba ile ilikuwa chini karibu na ziwa. Tulikuwa watu wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu Sango, ambaye mwanangu amechukua jina lake. Baba alivua ndagala, dagaa wa ziwa letu, upande wa rasi ya Ubwari, akirudi asubuhi na nguo zinazonuka moshi wa taa na samaki. Tulikuwa tumerudi kutoka ng'ambo ya ziwa, kutoka kambi ya wakimbizi ambako nilianza shule kidogo, na tulikuta nyumba haina bati wala milango. Nakumbuka baba akitengeneza mlango kwa ubao wa mtumbwi uliovunjika. Ulikuwa bado na rangi ya bluu, na Sango alikuwa akiupiga makofi kila akipita, eti anaamsha mtumbwi.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani kwetu. Kwenye ufuko, mahali tunapochota, walisimama vijana wenye ndoo ya klori na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni iliyotoka ziwani walitia dawa kidogo mdomoni mwake, wakasema, "Nenda, mama, usisahau kungoja." Wanawake waliitika vizuri. Walibeba bidoni zao kichwani hadi nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, wakamwaga yote mchangani, wakachota upya.

Mama Faila wakati huo alikuwa na meno yake yote, na alijua kuyatumia.

"Mutuambie," aliwauliza wale vijana siku moja, mbele ya watu. "Chumvi tunalipa. Sabuni tunalipa. Hata fasi ya kuzikwa tunalipa. Juu ya nini hii moya tu njo ya bure?"

"Ni musaada, mama."

"Musaada. Na ile njala ya mwaka wote, haikukuwa na musaada?"

Watu wakacheka, na yule kijana naye akacheka. Nilisimama pale na kidumu changu kidogo na kuona kwamba mtu mzima ameulizwa swali na ameshindwa. Kwangu mimi hilo lilitosha kuwa ushahidi.

Maneno yalikuja kutoka kila upande. Boti ya Kazimia ilileta habari kwamba kule watu waliokunywa dawa walikufa na waliokataa wamepona. Wengine walisema nchi inataka kumalizwa watu ili wenye kutaka madini na ardhi waipate tupu. Wengine walisema dawa haiui haraka, inafunga tumbo la uzazi, ili sisi tuishe polepole bila kelele. Wapo waliosema ni kazi ya watu wa milimani. Lakini mama mmoja wa huko, aliyekuwa akishuka kutoka Bibokoboko na vibuyu vya maziwa na kupumzika kwenye kivuli cha nyumba yetu, alimwambia mama yangu kwamba kwao wanasema ni sisi wa ziwani tunaotuma ugonjwa juu.

"Sasa nani anamutumia mwenzake?" mama aliuliza.

"Mi najua? Kila mutu anaogopa mwenye hamuoni," yule mama akajibu, akajitwisha vibuyu vyake.

Mimi niliamini kuliko wote, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Wanaume wenye buti na pampu mgongoni waliingia nyumba iliyo ng'ambo ya njia yetu, wakapuliza choo, kitanda, hata kizingiti. Kesho yake kilio kikasikika katika nyumba ile. Baadaye wakapuliza nyumba iliyofuata, na huko nako watu wakalala hoi. Kichwani mwangu mambo yalipangika vizuri sana: harufu inakuja kwanza, kifo kinafuata. Kwamba wale wanaume waliitwa kwa sababu mgonjwa alikuwa tayari ndani ya nyumba, hilo sikulijua, kwa kuwa mgonjwa sikumwona. Niliona pampu. Tangu siku hizo nilikuwa nikijifunika pua kwa nguo kila upepo ulipotoka ufukoni, na nilimfunika Sango pia, mpaka analia kwamba namnyima pumzi.

Baba hakusema mengi. Alisikiliza. Watu wa leo wanaposikia habari kama hizi husema watu wale hawakusoma. Baba kweli hakusoma sana, lakini hakuwa mjinga. Wakati wa vita, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama, watu wenye silaha walitangaza kwamba wanaume wote waje kwenye mkutano wa amani, na kila mmoja atapewa chumvi ya bure. Baba na kaka yake walikubaliana kwenda. Wavu wa baba ukakwama kwenye mawe, akabaki kuufungua. Kaka yake alitangulia ili asikose chumvi. Hakurudi, wala wengi waliotangulia pamoja naye hawakurudi. Tangu hapo neno "bure" lilimtia baba baridi mwilini. Kwa hiyo alipomsikia Mama Faila ufukoni, alisikia kitu ambacho yeye alikuwa amekwisha kukiona.

Lakini pia aliwaona watu wanakufa. Aliwabeba. Alijua kwamba kitu fulani kinaua, awe nani aliyekileta.

Asubuhi moja aliporudi ziwani alishusha bidoni nyeupe aliyoijaza mbali katikati, mahali ambapo maji ni meusi na baridi. Akaiweka ndani upande mmoja wa mlango wa bluu. Upande wa pili akaweka bidoni ya njano na kumwambia mama aipitishe kwa vijana wa klori, asiimwage.

"Atosha atakunywa ya njano pamoja na weye," alimwambia mama. Atosha ni mimi. "Sango atakunywa ya nyeupe pamoja na mimi."

Mama akamtazama. "Juu ya nini unagawanya batoto?"

"Fanya vile nimesema."

"Papa Atosha, nimeuliza."

"Na mimi nimejibu."

Hakueleza zaidi. Mama akatii, lakini siku ile alivunja kuni kwa hasira, kuni nyingi kuliko tulizohitaji.

Mimi nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Ya njano ilikuwa na harufu. Harufu ilikuwa kifo. Baba alikuwa amechagua mtoto atakayebaki, na hakuwa mimi. Nilijieleza hivyo bila kulia: Sango ni mwanaume, atavua, atabeba jina. Mimi na mama ni wa kuisha. Kila nilipoinua kikombe nilishikilia pumzi, nikameza, kisha nikakaa ukutani kusikiliza tumbo langu. Likinguruma, moyo ulidunda. Lisiponguruma, nilihofu zaidi, kwa sababu walisema sumu nzuri haina kelele.

Sango alikuwa mdogo lakini aliona uso wangu. Mara moja, nyuma ya nyumba, alinipa mimi dada yake kikombe chake.

"Kunywa yangu, yaya. Iko baridi."

Nilikunywa funda moja. Yalikuwa matamu, au niliyaona matamu. Kisha nikaogopa kwamba nampunguzia yeye, nikamrudishia.

Halafu ukavuma upepo wa kusini, ule unaofanya ziwa kuwa jeupe, na mitumbwi haikuweza kutoka. Baba alikaa kwenye kizingiti akishona nyavu zisizohitaji kushonwa. Bidoni nyeupe ikaisha. Mama alisimama katikati ya nyumba, bidoni tupu mkononi, na kanuni ya baba ilikuwa ileile: hii isiguswe na dawa. Hakuwa na maji ya katikati ya ziwa, na maji ya dawa yalikatazwa. Basi akaenda ufukoni, mbali na vijana wa klori, pale ambapo watu wanaosha vyombo na watoto wanajisaidia, akasukuma takataka kwa mkono, akachota. Alitii baba kabisa. Nimefikiria jambo hili miaka yote, na bado sijapata mahali ambapo mmoja wao alifanya kitu kwa ubaya.

Sango alianza kuharisha asubuhi. Jua lilipokuwa juu, macho yake yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyefua siku nzima. Alisema ana kiu. Mama akampa maji, akatapika. Akampa tena.

Mahema ya wagonjwa yalikuwa karibu na barabara, yamezungushiwa uzio wa turubai. Sisi watoto tulikuwa tumechungulia kwenye tundu la turubai na kuona vitanda vya plastiki vyenye shimo katikati, na chini ya kila shimo ndoo. Mtaani kwetu kila mtu alijua shimo lile ni la nini. Wanakulaza, wanakutoboa mkono, na damu inashuka kwenye ndoo.

"Tumupeleke," mama alisema.

Baba alikuwa amemshika Sango mapajani. "Nani alienda kule akarudi?"

"Kuko benye balirudi."

"Nani? Taja."

Mama akataja mmoja. Baba akasema huyo hakuwa na kolera, aliharisha tu. Mama akataja mwingine. Baba akasema huyo ni ndugu yao, wale wa mahema. Kila jina mama alilolitoa, baba alipata pa kulitupa. Hakuwa anabishana kwa kiburi.

"Niliisha kuachia ndugu yangu akaenda fasi ya bure," alisema mwishowe. "Unataka nimupeleke na huyu kwa mikono yangu?"

Mama akapiga magoti mbele yake. "Papa Atosha. Angalia mutoto. Kukaa hapa njo kumufanya nini?"

Sango hakulia tena wakati huo. Nadhani kimya chake ndicho kilichomwinua baba. Alisimama ghafla na mtoto kifuani na kutoka bila viatu. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Tulimfuata mbio, mama na mimi. Mlinzi wa mahema akaruhusu mtu mmoja tu kuingia na mgonjwa, akanyunyizia klori miguu ya baba. Nikaona baba anafunga macho dawa ilipomgusa. Kisha turubai likafunika.

Yaliyotokea ndani tuliyasikia baadaye kutoka kwake. Muuguzi alitafuta mshipa mikono yote miwili na mguuni kabla ya kuupata. Alisema, "Papa, mumechelewa, lakini tutajaribu." Walimlaza Sango juu ya shimo. Baba akapiga magoti, akainama chini ya kitanda, akaangalia ndani ya ndoo. Alisema hakukuwa na damu. Kulikuwa na maji meupe kama ya kuoshea mchele.

Sango alikufa kabla hawajabadilisha chupa ya pili ya dripu.

Hawakutupatia mwili tuuoshe. Mama aliomba aoshe miguu tu, wakakataa kwa upole. Alizikwa ndani ya mfuko mweupe uliofungwa, uliopuliziwa dawa, na watu wenye glavu, na sisi tulisimama mbali kama wageni.

Mtaani hadithi ikakamilika. Sango aliingia mahema akiwa hai, akatoka ndani ya mfuko. Mimi, wa maji ya dawa, nilikuwa mzima, lakini hilo nalo lilipata maelezo.

"Yule mukubwa dawa yake ni ya kukawia," Mama Faila alimwambia mama, na alisema kwa huruma, akiwa ametuletea ugali. "Utaona akiolewa."

Baba akamwambia, "Niliangalia ndani ya ndoo, mama. Hakukuwa damu."

"Na bangekuachia uone?"

Nilikuwa nimekaa pale na niliona jinsi jicho la baba mwenyewe lilivyogeuzwa kuwa si kitu. Alikuwa ameona, na bado hakuweza kushinda.

Halafu yakaja maneno mengine, kwamba mfuko haukuwa na mtu. Kwamba watoto hupelekwa ng'ambo, mbali, na hapa huzikwa mchanga. Watu wazima waliyasema kwa hofu. Mimi niliyapokea kama zawadi. Ikiwa mfuko ulikuwa na mchanga, Sango yuko mahali. Kwa muda mrefu nilishuka kila boti ilipofika na kuangalia watoto wanaobebwa mabegani wakishushwa majini. Nilimtafuta mwenye tabia ya kupiga makofi kila ubao. Niliwachukia wale waliomchukua, na chuki ile ilinipa usingizi na hamu ya kula, kwa sababu mtu aliyechukuliwa anaweza kurudishwa. Siwezi kuwacheka wanaoamini mambo kama yale. Nilikaa ndani yake, na kulikuwa na joto.

Nilikua na hofu ya tumbo langu. Nilipoolewa na miezi ikapita bila dalili, nilimsikia Mama Faila kichwani kila mwezi. Mwanangu alipozaliwa, baba alikuja, akamtazama bila kumgusa, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Alisema, "Mumuite Sango," akatoka nje haraka.

Mwaka huu, baba alipokuwa hawezi tena kuinuka, nilikaa karibu naye alasiri moja nikimpepea. Nilikuwa nimelibeba swali kwa miaka mingi mno, na niliona nikilibakiza litazikwa naye.

"Papa, ile maji ya njano. Ulinipa juu uliona ni dawa, ao juu uliona ni sumu?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa akilingoja.

"Ulifikiri nilikuchukia?"

Nikaacha kumpepea.

"Sikukuwa najua, mwanangu. Njo maana nilibagawanya. Kama bale batu bako na uongo, Sango anabakia. Kama bako na kweli, weye unabakia. Mi nilitaka tu nyumba isiishe yote." Akapumzika. "Kama ningejua, mungekunywa kikombe kimoya."

Nikamuuliza na lile jingine, la mfuko.

"Alikuwa ndani," baba alisema. "Balinipa glavu. Mi mwenyewe njo nilifunga."

"Na juu ya nini hukuniambia? Ulikuwa unaniona nikienda kwa boti."

"Nilikuwa nakuona ukirudi unakula."

Aliomba maji. Nilimpa ya nyumbani kwangu, na hakuuliza yana nini.

Hayo yote yalinijia pale uwanjani, mwanangu akiwa mbele yangu na kikombe kitupu. Mama Faila alikuwa ananitazama, wengine pia. Hawakuwa wanatazama kwa ubaya. Walikuwa wanataka kuona mtoto wa marehemu ataangukia upande gani. Nusu saa ilikuwa imepita. Nilisimama, nikachota kwenye pipa. Harufu iliponifikia puani nilishikilia pumzi bila kutaka, kama zamani.

Nilikunywa nusu. Nusu iliyobaki nikampa Sango, katika kikombe kilekile, nikamshika bega mpaka alipomaliza.